Ngoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Bagamoyo na Tanga

Maswali haya ni yale yanayorudiwa na wanunuzi, wanafunzi, wenye shughuli na watu wanaorithi ngoma kuukuu wasijue pa kuanzia. Mengi yanahusu ngozi, kwa sababu ngozi ndiyo inayosumbua zaidi huku Pwani.

## Ngoma ni ipi hasa?

1. Nikisema "nataka ngoma", watu watanielewaje?

Sikiliza kitenzi. Ngoma ikipigwa au ikiwambwa, ni chombo. Ikichezwa, ni mchezo wenye mwendo, nyimbo na mavazi yake. "Leo kuna ngoma Magomeni" ni shughuli nzima: wapigaji, wachezaji, waimbaji, wapishi na majirani. Ngoma ya pepo ni tiba ya mgonjwa, ina mganga wake na masharti yake. Kijana akisema msanii "ametoa ngoma", anataja wimbo mpya, na mtangazaji wa mpira akisema "ngoma droo", timu zimetoka sare.

Kwa hiyo ukiagiza kwa simu usiseme "naomba ngoma ya Jumamosi" ukaishia hapo. Sema kama unakodi vyombo vitupu, vyombo na wapigaji, au kikundi kizima na wachezaji wake. Ugomvi mwingi wa siku ya shughuli huanzia hapa (tazama swali la 17).

2. Kwa nini wengine huuita Ukimwi "ngoma"?

Ni lugha ya mtaani ya kukwepa kutaja ugonjwa. Inaumiza anayesemwa, nasi hatuitumii. Sema VVU au Ukimwi.

3. Chapuo, vumi, msondo na dufu zinatofautianaje?

Chapuo ni ngoma ndogo ya sauti ya juu. Kazi yake ni kuchangamsha: inaingia katikati ya midundo ya wengine, inamsukuma mchezaji aongeze. Ndiyo maana mtu anayempigania mgombea au kusifia bidhaa huambiwa anaipigia chapuo.

Vumi ni kubwa na nzito, inashika chini. Mpigaji wake hafanyi madoido mengi, maana akiyumba yeye wote wanayumba. Anayeanza kujifunza tunamweka kwenye vumi kwanza, hata kama moyo wake uko kwenye chapuo.

Msondo ni ngoma ndefu na nyembamba, yenye ngozi upande mmoja, inayojulikana sana katika unyago. Mpigaji husimama, ngoma ikiwa imefungwa kiunoni na kuegemea katikati ya miguu. Kumbwaya ni ngoma yenye miguu yake yenyewe, ya kusimama chini.

Dufu ni duara la mbao jembamba lenye ngozi ya mbuzi upande mmoja, hushikwa kwa mkono mmoja na kupigwa kwa mwingine. Tari ni ndugu yake, na mara nyingi huwa na visahani vya bati pembeni. Hivi utavikuta kwenye maulidi na harusi za Tanga na Bagamoyo. Msikiti na msikiti hutofautiana kuhusu kupiga dufu, kwa hiyo muulize mwenyeji wako kabla hujaleta.

4. Dramu na pipa nazo ni ngoma?

Kwa mwanamuziki, dramu ni seti ya ngoma za bendi zenye fremu za chuma na ngozi za plastiki, hupigwa kwa vijiti na kanyagio la mguu. Gereji, dramu ni lile bakuli la chuma ambalo viatu vya breki husugua kwa ndani. Kwenye viwanda vya mkonge vya Tanga, mashine ya korona ina mtungi mzito unaozunguka ukiwa na visu butu vya kuparua majani. Na pipa la lita 200 watu wengi huliita dramu pia. Umbo la vyote ni moja, la mviringo na uwazi ndani, lakini haviwambwi.

Wapo wanaotaka kugeuza pipa la mafuta kuwa mzinga wa ngoma, yaani kiwiliwili chake kinachobeba ngozi. Kulia linalia, ila usilikate kwa gesi wala kwa mashine ya kusaga chuma kama liliwahi kuwa na petroli, dizeli au kiyeyusho. Mvuke unaobaki kwenye mikunjo ya bati unatosha kulipua pipa hata kama linaonekana kavu. Tafuta lililobeba chakula.

5. Mdundiko, mdumange, baikoko: ni aina za vyombo?

Hapana, ni majina ya michezo. Mdundiko ni wa Wazaramo, ngoma ya kutembea inayopita mitaani na kuzoa watu njiani. Mdumange ni wa Wasambaa, Mkoa wa Tanga. Baikoko nayo ilitokea Tanga, na uchezaji wake wa kiuno umeifanya ikatazwe katika baadhi ya maeneo, kwa hiyo usiilete kwenye shughuli ya familia bila kuwauliza wazee. Sindimba ni ya Wamakonde, lizombe ya Wangoni, bugobogobo ya Wasukuma, muheme ya Wagogo. Beni ya zamani, yenye vyama vya Marini na Arinoti, ilichukua ngoma kubwa ya vichwa viwili kutoka bendi za kijeshi.

Chombo kimoja kinaweza kutumika katika michezo kadhaa. Kinachobadilika ni mdundo, mpangilio wa ngoma na nani anaongoza.

## Kununua

6. Nitaijuaje ngoma nzuri dukani?

Anza na mzinga, usianze na nakshi. Igeuze, tazama ndani kwa tochi ya simu. Ukuta uwe na unene unaokaribiana kila upande. Mahali palipochongwa hadi pakawa pembamba ndipo patakapopasuka. Kama ndani kuna unga laini au vitundu vidogo vya duara, wadudu wamo. Kama kuna ufa uliozibwa kwa rangi nyeusi, utauhisi kwa ukucha.

Kisha pitisha kiganja juu ya mdomo wa mzinga, pale ngozi inapokunja kushuka. Ukihisi ncha kali kama ya ubao uliokatwa kwa msumeno, ngozi itakatika hapo hapo. Mdomo mzuri umeviringwa.

Mwisho piga. Piga katikati, halafu zunguka ukingo kwa ncha ya kidole, sehemu sita au nane, ukisikiliza kama sauti ni moja (swali la 11). Usiridhike na ngoma iliyotolewa juani sasa hivi. Omba ikae kivulini nusu saa, kisha ipige tena.

7. Mti gani unafaa?

Pwani hii mwembe na mfenesi hupatikana kirahisi, huchongeka vizuri na hutoa sauti ya joto. Mninga ni mgumu, mzito na hudumu sana, lakini bei yake iko juu na kuubeba mabegani kwenye mdundiko ni adhabu. Msufi ni mwepesi mno: unafaa ngoma ya mtoto, ila vigingi hulegea upesi kwenye matundu yake.

Muhimu kuliko jina la mti ni ukavu wake. Gogo bichi huchongwa kwa ndani likiwa bado laini, kisha huachwa kivulini likauke polepole, ncha zote mbili zikiwa zimepakwa mafuta mazito au rangi, kwa sababu ncha hukauka upesi kuliko tumbo na ufa huanzia hapo. Fundi anayekuuzia ngoma ya gogo lililokatwa mwezi uliopita anakuuzia ufa.

8. Ngozi ya mbuzi, ya ng'ombe au ya kenge?

Mbuzi kwa chapuo, dufu na ngoma za wastani: nyembamba, hujibu haraka, sauti kali. Ng'ombe kwa vumi na ngoma zinazopigwa kwa fimbo: nene, sauti ya chini, hustahimili. Kwa ngoma ya mkono, ngozi nene ya ng'ombe itakuumiza vidole na haitasema vizuri.

Kenge husifiwa kwa sauti yake kavu. Lakini ni mnyamapori, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka vibali kumvuna na kumiliki nyara yake. Tunashauri uachane naye. Mbuzi mdogo, ngozi ikiwa nyembamba na imewambwa vizuri, anakufikisha karibu sana.

9. Ngozi nipate wapi, na kuna hatari gani?

Machinjioni, kwa mnyama aliyekaguliwa na mtaalamu wa mifugo. Usitumie kamwe ngozi ya mnyama aliyeokotwa amekufa. Ugonjwa wa kimeta huacha vimelea vinavyoishi kwenye ngozi kavu kwa miaka mingi, na vumbi la kuparua manyoya huviingiza mapafuni. Uingereza, mwaka 2006 na 2008, watu walikufa kwa kimeta kilichohusishwa na ngozi za ngoma. Parua ngozi ikiwa na unyevu, nje kwenye hewa, umefunika pua na mdomo.

## Kuwamba

10. Ninawambaje ngoma ndogo ya vigingi mwenyewe?

Tuchukulie mdomo wa mzinga una upana wa sentimita 25. Kata duara la ngozi la sentimita 40 hivi, ili ibaki kama 7 kila upande ya kuvutia. Uti wa mgongo wa mnyama upite katikati ya duara, maana hapo ngozi ni nene na ukiuacha pembeni sauti itaelemea upande mmoja.

Loweka kwenye maji safi ya baridi. Ya mbuzi usiku mmoja inatosha, ya ng'ombe siku moja hadi mbili. Ikiwa imehifadhiwa kwa chumvi, badilisha maji mara mbili au tatu, la sivyo chumvi itakuwa inavuta unyevu na ngoma italegea kila jioni. Usitumie maji ya moto ili kuharakisha: ngozi mbichi ikifika joto la nyuzi 60 na kitu hujikunja na kuwa kama mpira, wala hairudi.

Toboa matundu ya vigingi kwenye mzinga, sentimita 4 hadi 5 chini ya mdomo, yakiinama kidogo kuelekea chini kwa ndani ili kigingi kikikaa kichwa chake kitazame juu kidogo. Kwa upana huu vigingi 14 hadi 18 vinatosha, vya mwanzi mkavu au mti mgumu. Toboa ngozi kwa kisu chembamba, tundu dogo kuliko kigingi.

Sasa weka kigingi cha kwanza, kisha cha pili kiwe ng'ambo yake kabisa, cha tatu na cha nne vikate msalaba, na kuendelea hivyo, kama fundi gari anavyokaza nati za gurudumu. Vuta kwa mkono hadi mikunjo iishe ukingoni, usivute kwa nguvu zako zote. Ngozi itajikaza yenyewe ikikauka, na uliyoikaza kupita kiasi ikiwa mbichi itang'oa vigingi au kupasuka usiku.

Ianike kivulini penye upepo siku mbili hadi nne. Nyoa manyoya kwa wembe ikiwa imeanza kukauka lakini bado ina ubaridi mkononi. Siku ya kwanza ya kupiga iwe ya upole.

11. Kwa nini upande mmoja unalia juu na mwingine chini?

Karibu kila mara ni kwa sababu mwambaji alisimama mahali pamoja akavuta. Mwamba ngoma huvutia ngozi kwake, wahenga walisema, na kwenye karakana ni kweli kabisa: upande wake hukaza, wa mbali hubaki mlegevu. Zungusha mzinga, usizungushe mkono tu.

Kama ngozi imeshakauka, lowesha ukingo wa upande uliokaza kwa kitambaa chenye maji, acha ulainike, chomoa vigingi vya hapo na kuvirudisha na mvuto mdogo. Tofauti ikiwa kubwa, loweka upya na uanze tena. Kugongelea vigingi vya upande mlegevu kwa nyundo hupasua mzinga.

## Sauti na moto

12. Mbona ngoma ililia vizuri Dodoma na huku Bagamoyo imelegea?

Ngozi hunyonya unyevu wa hewa. Hewa ya Dodoma ni kavu, hapa bahari iko jirani. Wakati wa masika, na usiku wa kawaida umande ukishuka, ngoma ya vigingi hushuka sauti kabla hujamaliza wimbo wa pili. Haijaharibika, inataka moto.

13. Moto kiasi gani, na kwa muda gani?

Washa moto mwepesi wa makuti makavu, maboksi au nyasi, usio na moshi mzito. Shika ngoma ngozi ikitazama moto, mbali kiasi ambacho kiganja chako kikiwekwa mbele ya ngozi kinavumilia bila kuondoka. Izungushe muda wote. Kila baada ya nusu dakika ipige kidogo usikilize sauti inavyopanda. Mbuzi hupanda kwa dakika chache, ng'ombe anataka subira.

Acha mapema. Sauti hupanda, hung'aa, kisha huanza kuwa nyembamba na kavu kama bati: hapo umepitiliza. Ngoma ikilia sana haikawii kupasuka, na ikipasuka kwa moto hupasuka kutoka ukingo hadi ukingo. Ngozi iliyolowa mvua isipelekwe motoni kabisa. Ianike kwanza kivulini, kwa sababu ya lile joto lililotajwa katika swali la 10.

Kwenye shughuli ndefu weka mtu mmoja wa moto, asiye mpigaji. Ngoma ziende motoni kwa zamu, vumi isiondoke wakati chapuo iko motoni.

14. Ile nta katikati ya ngozi ni ya nini?

Uzito ukiongezwa katikati, sauti hushuka na mlio unaozunguka hukatika upesi. Nta ya nyuki hulainishwa kwa mkono ikabandikwa, donge la ukubwa wa sarafu kwa kuanzia. Ongeza au punguza hadi ngoma ikae mahali pake kati ya wenzake. Itoe kabla ya kwenda motoni, la sivyo itayeyuka na kuingia kwenye ngozi, na hapo mahali pataziba sauti moja kwa moja.

## Matunzo

15. Mzinga umepata ufa. Umekwisha?

Ufa mwembamba usiofika mdomoni hujazwa kwa gundi ya mbao iliyochanganywa na unga wa msumeno wa mti huo huo, ukafungwa kwa kamba au mpira wa baiskeli hadi ukauke. Ufa uliofika mdomoni unataka ngozi itolewe kwanza, maana mvuto wake ndio unaoufungua. Baada ya ukarabati paka mafuta ndani na nje ya mbao. Usipake mafuta wala vanishi kwenye ngozi: huizima.

16. Wadudu na panya nifanyeje?

Ngozi huliwa na mende na vijidudu vidogo vyenye manyoya, mzinga huliwa na fukusi, na ukiweka chini mchwa watapanda. Tundika ngoma, usiilaze sakafuni, wala usiifungie kwenye mfuko wa nailoni kwa sababu ukungu utaota. Kila wiki kadhaa itoe, ipige, ifute vumbi kwa kitambaa kikavu. Mafuta ya mwarobaini yakipakwa ndani ya mzinga husaidia kuwazuia. Chombo kidogo kama dufu chenye wadudu tayari kinaweza kufungwa kwenye mfuko na kuwekwa kwenye friza wiki mbili, halafu kiachwe kirudi joto la kawaida mfuko ukiwa bado umefungwa.

Ngoma inayopigwa mara kwa mara huliwa kidogo. Iliyopambwa ukutani ndiyo huisha kimya kimya.

## Shughuli na kujifunza

17. Nakodi kikundi kwa harusi. Tukubaliane nini?

Idadi ya wapigaji na wachezaji, saa ya kuanza na kumaliza, usafiri wa kwenda na kurudi, chakula, na kiasi gani kinatangulia. Halafu mambo yanayosahauliwa: mahali pa kuwasha moto pasipo na turubai juu, mchanga au ndoo ya maji karibu, na paa la kukimbilia mvua ikishuka. Kubalianeni pia fedha za kutunza ni za nani, za mchezaji aliyetunzwa au za mfuko wa kikundi, na mwambieni mshereheshaji.

Kwa ngoma ya nyumbani pita serikali ya mtaa upate kibali. Kwa shughuli ya hadharani au ngoma inayotembea barabarani, ongeza ofisi ya utamaduni ya halmashauri na polisi. Kikundi kinachofanya kazi ya sanaa kwa malipo kinatakiwa kuwa kimesajiliwa na Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA). Omba kuona cheti.

18. Mwanamke anapiga ngoma?

Ndiyo, na si jambo jipya. Muheme wa Wagogo hupigwa na wanawake, ngoma zikiwa katikati ya mapaja. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013, alikuwa kungwi na mpiga msondo wa unyago. Yapo makabila na shughuli zenye miiko yake, na hiyo huulizwa kwa wenyewe.

19. Naweza kurekodi?

Harusi, tamasha na mdundiko kwa kawaida ndiyo, ukiomba kwa kiongozi wa kikundi. Unyago, jando na ngoma ya pepo hapana. Mafunzo ya mwali na hali ya mgonjwa si vya kuoneshwa mtandaoni, hata kama mtu mmoja pale amekuruhusu.

20. Nitajifunza wapi?

Bagamoyo kuna Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981 na kuwa taasisi mwaka 2007. Inafundisha ngoma za makabila mbalimbali pamoja na fani nyingine za sanaa, na huandaa tamasha la kila mwaka linalokutanisha vikundi vya ndani na nje ya nchi. Njia nyingine ni kukaa na kikundi cha mtaani. Huko hutapewa somo la maandishi: utabeba ngoma, utawasha moto, utapiga vumi, na siku moja utaambiwa "shika chapuo". Ni njia ya polepole, lakini masikio yake huwa mazuri sana.

## Ya mwisho mwisho

21. Kupiga ngoma kunapasua ngoma ya sikio?

Kiwambo cha sikio kina upana wa sentimita moja hivi na unene wa sehemu ya kumi ya milimita, lakini mdundo wa ngoma za ngozi hauwezi kukipasua. Kinachoumia ni ndani zaidi: vinyweleo vya sikio la ndani vinavyopokea sauti, na vikifa havioti tena. Kiwango salama kinachotumiwa sana ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli tatu zikiongezeka muda hupungua nusu, yaani desibeli 94 ni saa moja tu. Mpigaji anayetoka kwenye mkesha masikio yakivuma ameshapata onyo. Vaa vizibo vya masikio, hasa kukiwa na spika nyuma yako, na usimweke mtoto mchanga karibu na vumi.

22. Naweza kusafiri na ngoma nje ya nchi?

Unaweza, ikiwa ngozi ni kavu kabisa na haina manyoya, na mbao hazina gome wala tundu la mdudu. Uliza mapema ubalozi au forodha ya unakokwenda. Australia na New Zealand ni wakali sana, na wanaweza kutaka ngoma ifanyiwe matibabu ya kuua vimelea kwa gharama yako. Chukua cheti cha afya ya mimea kwa ajili ya mbao, na risiti ya muuzaji inayotaja mti na mnyama. Yenye kenge iache nyumbani, kwani biashara yake kimataifa inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Kabla ya kupanda ndege legeza ngoma ya kamba. Ya vigingi huwezi kuilegeza, kwa hiyo funika ngozi yake kwa duara la kadibodi ngumu na uifunge nguo kuzunguka mdomo.